Mwenye Mji ni Nani?

Msomaji wangu, serikali ni kama nyumba ya orofa. Orofa ya juu huonekana kwa mbali, na watu wengi huinua macho kuitazama. Lakini maji, moto wa jikoni na mlango wa kutokea vyote viko chini. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila ya kumwona waziri, asipungukiwe na kitu. Bali hawezi kuishi juma moja bila ya kukanyaga njia, kuteka maji, kutupa taka au kumpeleka mtoto shule. Mambo hayo, katika nchi nyingi, huamuliwa na baraza la mji. Ajabu ni kwamba kura ya kulichagua baraza hilo, iliyo karibu zaidi na maisha ya mtu, ndiyo isahauliwayo kwanza.

Nimekusudia kukueleza jinsi taifa moja la mbali, Kanada, linavyoamua ni nani mwenye haki ya kupiga kura katika miji yake, na jinsi kura hiyo inavyopigwa. Huenda ukauliza, "Mwalimu, Kanada yatuhusu nini?" Nina majibu mawili. La kwanza ni la darasani: nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mtoto huijua vizuri zaidi nyumba yao baada ya kuitazama ya jirani. La pili ni la nyumbani: dada yangu anaishi katika mji mmoja wa jimbo la Ontario, na kwa miaka kadhaa maongezi yake yalinifundisha habari hizi kuliko kitabu chochote. Nitakuja kwake, lakini kwanza tuitazame sheria yenyewe, kwa kuwa huwezi kuhukumu mlango kabla ya kuujua.

Kanada ni shirikisho la majimbo 10 na maeneo 3. Katiba yake ya mwaka wa 1867 iliyaweka mambo ya miji mikononi mwa mabunge ya majimbo. Kwa sababu hiyo hakuna sheria moja ya uchaguzi wa miji katika Kanada nzima, wala tume ya uchaguzi ya taifa haiusimamii. Kila jimbo lina sheria yake na siku yake. Ontario hupiga kura Jumatatu ya nne ya Oktoba; British Columbia, Jumamosi ya tatu ya mwezi huo huo; Quebec, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Majimbo hayo matatu hufanya hivyo mara moja kila miaka minne. Katika Ontario anayeusimamia uchaguzi ni karani wa mji, yule yule ambaye siku nyingine hutunza kumbukumbu za baraza.

Ijapokuwa sheria hizo ni mbalimbali, zimezaliwa tumbo moja. Husimama juu ya nguzo tatu: umri, uraia na makao. Mpiga kura awe ametimiza miaka 18. Awe raia wa Kanada. Na awe na fungamano na mji anaotaka kuuchagulia viongozi. Nguzo mbili za kwanza ni nyepesi kueleza. Ya tatu ndiyo yenye mafumbo.

Katika Ontario fungamano hilo laweza kuwa la namna kadha wa kadha. Mtu aweza kuwa mkaaji wa mji. Aweza pia kuishi kwingine, lakini akawa anamiliki au amepanga ardhi au nyumba katika mji huo. Tena aweza kuwa mume au mke wa mtu kama huyo. Kwa hiyo raia mwenye nyumba ya kuishi katika mji mmoja na nyumba ya mapumziko kando ya ziwa katika mji mwingine hupiga kura katika miji yote miwili. Hakatazwi, kwa kuwa hayo ni mabaraza mawili tofauti. Akatazwalo ni kupiga mara mbili katika mji mmoja. Mwanafunzi anayesoma mbali na kwao, naye akakusudia kurudi, ana haki hiyo pia: kura moja kwao, na kura moja katika mji wa masomo yake.

Je, asiye na nyumba kabisa? Hapa sheria ya Ontario yastahili sifa. Haikusema kwamba asiye na paa hana mji. Humtazama mtu huyo mahali alipokuwa akirudi mara nyingi zaidi kulala au kula katika majuma matano yaliyotangulia, na mahali hapo huhesabiwa kuwa makao yake. Kampuni, kwa upande mwingine, haina kura hata ikiwa na majumba mia; wala hana kura mtu anayetumikia kifungo gerezani.

Majimbo mengine hupima fungamano kwa vipimo vyao. British Columbia humtaka mpiga kura awe amekaa katika jimbo kwa muda wa miezi sita. Humruhusu pia mwenye mali asiyekaa mjini, lakini mali moja hutoa kura moja tu ya namna hiyo, na kama wenye mali ni wengi, zaidi ya nusu yao hawana budi kumkubali mpigaji kwa maandishi. Quebec humhesabu mtu aliyekaa katika jimbo kwa miezi sita, na vile vile mwenye jengo au mwenye pahali pa biashara mjini aliyedumu nalo kwa miezi 12.

Sasa na tumfuate mpiga kura mmoja wa Ontario siku yenyewe. Jina lake lapaswa kuwa katika daftari la wapiga kura. Likikosekana, aweza kuandikishwa hata siku ile ile kituoni. Vituo huwa wazi tangu saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku. Kama kazi yake haimwachii saa tatu mfululizo za kwenda kupiga kura, mwajiri hana budi kumpa ruhusa ya kutosha kuzitimiza. Afikapo mezani huonyesha hati yenye jina lake na anwani yake. Si lazima hati hiyo iwe na picha. Akiwa ameandikwa katika daftari lakini hana hati, aweza kutia sahihi tamko la kwamba yeye ndiye.

Kisha hupewa karatasi ya kura. Katika Ontario karatasi hiyo haina jina la chama wala alama ya chama. Ina majina ya watu tu. Hapo ndipo uvivu wa mpiga kura hufichuka. Asiyesoma habari za wagombea kabla ya siku hiyo hana jogoo wala taa ya kumwongoza. Huchagua meya wa mji, diwani wa wadi yake, na mjumbe wa bodi ya shule. Bodi hizo ni za namna nne: shule za umma za Kiingereza, shule za Kikatoliki za Kiingereza, na shule za Kifaransa za namna hizo hizo mbili. Katika mji wa Vancouver, ulioko British Columbia, mzigo ni mzito zaidi, kwa sababu mji huo hauna wadi. Mwaka wa 2022 mpiga kura mmoja aliruhusiwa kuchagua meya 1, madiwani 10, makamishna 7 wa bustani za mji na wajumbe 9 wa bodi ya shule: jumla ya watu 27 kwa mkono mmoja!

Mpiga kura huingia penye faragha, akatia alama kando ya majina aliyoyapenda, akairudisha karatasi. Mgonjwa wa macho au asiyejua kusoma aweza kusaidiwa na rafiki aliyekula kiapo. Atakayekuwa safarini aweza kupiga mapema, au kumteua kwa maandishi mtu mwingine ampigie. Miji kadhaa hupokea kura kwa posta. Mingine imekwenda mbali zaidi: Markham, katika Ontario, ilifungua kura ya intaneti mwaka wa 2003, na Halifax, katika Nova Scotia, ikafuata mwaka wa 2008. Wapenzi wa njia hiyo husema kwamba humfikia mgonjwa kitandani. Wenye shaka huuliza ni nani ajuaye aliyesimama nyuma ya mpigaji huko chumbani mwake. Alberta ilishika njia ya kinyume: sheria yake ya mwaka wa 2024 ilipiga marufuku mashine za kuhesabia kura, na uchaguzi wa miji wa Oktoba 2025 ukahesabiwa kwa mkono. Waona, msomaji, kwamba hata nchi tajiri haijamaliza kujiuliza jinsi ya kuhesabu karatasi.

Mpaka hapa nimekueleza mlango. Sasa nitakueleza habari za aliyesimama nje yake.

Dada yangu alikwenda Kanada akiwa mkaaji wa kudumu, yaani mtu aliyeruhusiwa kuishi na kufanya kazi bila ya kuwa raia. Alipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na kwa kuwa alikuwa mgeni alipewa zamu za usiku. Hakuwa na gari. Alitegemea basi la mji, na basi la mji huendeshwa kwa amri ya baraza. Mwaka wa 2022 palizuka mjini kwao shauri la kupunguza mabasi ya usiku. Kwa mtu alalaye usiku, hilo lilikuwa shauri la fedha. Kwa dada yangu lilikuwa shauri la kutembea gizani, katika theluji, kwa muda wa saa nzima.

Tarehe 9 Agosti, 2022 ulikuwa uchaguzi mkuu wa Kenya. Tume yetu iliwawekea Wakenya vituo katika nchi kadhaa za nje, Kanada ikiwemo, nao waliruhusiwa kumchagua Rais peke yake. Dada yangu alikuwa amejiandikisha. Akasafiri, akapanga foleni, akapiga kura. Tarehe 24 Oktoba ya mwaka ule ule ulikuwa uchaguzi wa miji ya Ontario. Siku hiyo hakuwa na kura. Zingatia jambo hili vizuri: aliweza kumchagua kiongozi wa nchi iliyo ng'ambo ya bahari, asiweze kumchagua diwani wa njia anayoikanyaga kila usiku. Mwenye nyumba wake, ambaye alikuwa raia na aliishi mji mwingine, alikuwa na kura mbili: moja alikolala, na moja alikolala dada yangu.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hiyo, mmoja wao aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani mwenye nyumba ana mji kuliko anayelala ndani yake?" Nilinyamaza kidogo, maana swali la mtoto huenda likawa refu kuliko kimo chake.

Haki hutaka pande mbili zisikizwe. Wanaoitetea sheria husema kwamba uraia ni agano. Mgeni aweza kufunga mizigo kesho akaenda zake. Raia ameapa kubaki na nchi katika neema na shida. Tena husema kwamba mlango haukufungwa kwa kufuli: mkaaji wa kudumu aliyekuwamo nchini siku 1,095 katika miaka mitano aweza kuomba uraia. Kuhusu mwenye mali husema kwamba hulipa kodi ya mji, na alipaye ana haki ya kusema. Hoja hizo si za mzaha.

Lakini upande wa pili nao una ulimi. Mpangaji hulipa kodi ya mji vile vile, kwa kuwa mwenye nyumba huihesabu katika pango. Basi halimwulizi abiria hati yake ya uraia, na maji machafu hayachagui tumbo la raia na la mgeni. Mwaka wa 2013 baraza la mji wa Toronto lenyewe liliiomba serikali ya jimbo iwaruhusu wakaaji wa kudumu kupiga kura ya mji. Ombi hilo halikuzaa sheria. Hata hivyo laonyesha kwamba waliomo ndani walisikia sauti ya waliobaki nje.

Wala Kanada si nchi ya kwanza kukiweka kipimo cha mali karibu na sanduku la kura. Mwaka wa 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, haki ya kura ilipimwa kwa mambo kama elimu, mali na utumishi. Mtu mmoja aliweza kupata hata kura tatu, ilhali jirani yake hana hata moja. Babu zetu waliujua mlango wa namna hiyo kwa mabega yao.

Historia yafundisha pia kwamba mlango hupanuka. Mwaka wa 1884 Ontario iliwapa kura ya mji wanawake wenye mali waliokuwa wajane au wasioolewa. Aliyeolewa akaachwa nje, kana kwamba pete ilimwondolea akili. Katika British Columbia watu wenye asili ya China na India walinyimwa kura ya jimbo hadi mwaka wa 1947, na wenye asili ya Japani hadi mwaka wa 1949. Mipaka hiyo yote imevunjika. Mwaka wa 2023 watu wa Toronto walipewa karatasi yenye majina 102 ya wagombea wa umeya, nao wakamchagua Olivia Chow, mwanamke aliyezaliwa Hong Kong na kuhamia Kanada akiwa na umri wa miaka 13. Safari yake ya kuchaguliwa ilianza mwaka wa 1985 katika bodi ya shule, yaani penye kura ile ndogo ambayo wengi huiruka.

Sasa nifikapo hapa ndipo moyo wangu unaponiuma zaidi. Katika uchaguzi wa Oktoba 2022, waliopiga kura katika mji wa Toronto hawakufika hata theluthi moja ya wale wenye haki. Yaani katika kila watu watatu walioruhusiwa kuingia, wawili na zaidi walibaki vitandani, kazini au sebuleni, huku wengine waliotamani kuingia wakizuiwa kizingitini. Penye miti hapana wajenzi. Sheria iliyomzuia dada yangu ilikuwa na sababu zake, na sababu zaweza kujadiliwa. Uvivu wa aliyeruhusiwa hauna wa kujadiliana naye.

Dada yangu hakukaa akilia mlangoni. Alitambua kwamba kura ni mdomo mmoja wa mwananchi, wala si mdomo wake wa pekee. Alimwandikia diwani wa wadi. Alihudhuria mkutano wa baraza, ambao uko wazi kwa watu wote, akaomba nafasi ya kusema, akapewa dakika chache. Hakusema habari za sheria. Alieleza saa anayotoka kazini, umbali wa nyumbani kwake, na idadi ya wenzake wanaotembea njia ile. Jirani zake wawili, raia wa kuzaliwa, walikuwa hawajapata kupiga kura ya mji maishani mwao. Aliwaambia maneno haya, ambayo aliniandikia nami nikayahifadhi: "Mimi sina kura, nyinyi mnazo na hamzitumii. Basi nendeni mkanisemee." Wakaenda wote wawili. Mabasi ya usiku yalipunguzwa, lakini hayakuondolewa. Siwezi kukuambia kwamba ni kwa ajili ya sauti yake. Naweza kukuambia tu kwamba sauti yake ilikuwamo.

Baadaye alizitimiza siku zake, akafanya mtihani, akala kiapo cha uraia. Kwa Katiba yetu ya mwaka wa 2010 hakupoteza uraia wa Kenya. Jina lake likaingia katika daftari la mji, tayari kwa uchaguzi uliowekwa tarehe 26 Oktoba, 2026. Aliponipa habari hiyo nilimpongeza, naye akanijibu, "Mdogo wangu, usinipongeze kwa kuandikwa. Nipongeze nikishapiga."

Msomaji wangu, huenda hutaiona Ontario maishani mwako, wala hapana ulazima. Lakini kila utakaposoma sheria ya uchaguzi, ya kwetu au ya wengine, iulize maswali matatu. Kwanza: ni nani aliyeruhusiwa kuingia, na kwa kipimo gani? Pili: ni nani aliyeachwa nje, na je, yanayoamuliwa ndani yamgusa au hayamgusi? Tatu: walioruhusiwa, wanaingia? Maswali mawili ya kwanza huwahusu watungaji wa sheria. La tatu lakuhusu wewe.

Miaka yako 18 haiko mbali. Siku utakapoipata kadi yako na kujiandikisha, watu watakuja kwako wakikuimbia majina ya wakubwa wa nchi, na wewe utayasikia kwa urahisi kwa kuwa ngoma zao huvuma. Tafadhali, ulizia pia jina la yule anayeiombea kura wadi yako. Jua alichosema kuhusu zahanati, soko, daraja na shule ya chekechea. Mpime kabla ya kumchagua, na baada ya kumchagua mfuate kwa maswali. Mwenye mji si yule aliyeuzungushia ua, wala si yule aliyezaliwa humo akasinzia. Mwenye mji ni yule anayeamka kuutunza.